Rufani Haitangulii Uamuzi: Istilahi za Kuijibu Hati ya Jiji Kuhusu Kibao cha Biashara

Maandishi mengi yanayomfikia mfasiri hayatoki vitabuni. Mengine ni karatasi moja tu iliyotolewa na ofisi ya jiji, yenye visanduku vya kujazwa, tarehe mbili tatu na nambari ya kifungu cha sheria. Ufupi wa karatasi ya namna hiyo hudanganya. Katika hadithi ndefu neno moja lisilofaa laweza kusahihishwa na maneno mengine yanayolizunguka. Katika hati fupi ya serikali neno likikosewa hakuna la kulisahihisha, na anayeumia ni yule aliyeandikiwa hati hiyo. Akidhani ameonywa tu, kumbe ameitwa, siku ya kufika itampita. Na siku ikimpita, haki yake nayo hupungua.

Katika makala haya tumekusudia kueleza istilahi zinazohusu jambo moja mahsusi: namna mwenye biashara anavyoweza kuijibu hati aliyoandikiwa na jiji kwa sababu ya kibao cha biashara yake, na namna anavyoweza kukata rufani asiporidhika na uamuzi. Mfano tuliouchagua ni wa jiji la New York, Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, utaratibu wa jiji hilo umegawanywa katika hatua zilizo wazi, na kila hatua ina jina lake na muda wake. Kwa hiyo ni kipimo kizuri cha uwezo wa istilahi zetu. Pili, jambo lenyewe linawahusu wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko. Sheria ya Jiji Na. 30 ya mwaka 2017 inaziagiza ofisi za jiji kutafsiri nyaraka muhimu katika lugha 10 zilizoteuliwa, na Kiswahili hakimo. Lakini sheria hiyo hiyo inaagiza uwepo ukalimani kwa njia ya simu katika lugha zisizopungua 100. Maana yake ni kwamba Mswahili wa New York aghalabu hataiona hati yake katika Kiswahili. Ataisikia tu, kutoka kinywani mwa mkalimani au mwa ndugu yake anayejua Kiingereza. Neno atakalolisikia ndilo atakalolifuata.

Hoja yetu kuu ni hii. Watu wengi, na hata baadhi ya wafasiri, husema kwamba mtu "anakata rufaa" dhidi ya hati aliyoandikiwa na mkaguzi. Usemi huo hauna madhara katika mazungumzo ya barazani, lakini katika tafsiri una madhara makubwa. Hati ya mkaguzi haikatiwi rufani, hati hujibiwa. Rufani hukatwa dhidi ya uamuzi, na uamuzi haujatolewa mpaka shauri lisikilizwe. Anayeambiwa tangu mwanzo kwamba njia yake ni rufani aweza kukaa akingoja siku ya rufani, ilhali siku ya kusikilizwa inampita.

Kibao na bango

Kabla ya kuieleza hati, hatuna budi kuvitenganisha vitu viwili ambavyo kwa mazoea huitwa kwa jina moja. Kanuni za mipango miji za New York, zilizoanza kutumika mwaka 1961, zinatofautisha kati ya alama inayoitambulisha biashara iliyopo mahali pale pale na alama inayotangaza bidhaa au biashara iliyopo mahali pengine. Fundi viatu aliyeandika jina lake juu ya mlango wake ana alama ya aina ya kwanza. Ubao mkubwa juu ya paa la nyumba ya watu, wenye picha ya kinywaji kisichouzwa humo, ni alama ya aina ya pili, nao husimamiwa kwa masharti makali zaidi.

Kiswahili tayari kina maneno mawili yanayoweza kuibeba tofauti hii. Aina ya kwanza tunapendekeza iitwe kibao cha biashara, na aina ya pili iitwe bango la matangazo. Mfasiri akiandika "bango" katika hati inayohusu kibao cha fundi viatu, humfanya aonekane ameshtakiwa kwa jambo zito kuliko lile lililomo katika hati. Si suala la umbo wala la ukubwa. Ni suala la kile kinachotangazwa na mahali kilipo.

Vibao vya biashara navyo vina masharti. Kwa kawaida, kibao kinachozidi futi za mraba 6, au kinachowashwa taa, huhitaji kibali cha Idara ya Majengo kabla ya kutundikwa. Turubai la kuzuia jua mbele ya duka nalo, likiandikwa maneno, huhesabiwa kuwa limebeba kibao. Wenye maduka wengi hawakulijua jambo hili. Mwaka 2018 na mwanzoni mwa mwaka 2019 wengi wao, hasa katika eneo la Brooklyn, waliandikiwa hati baada ya watu wasiotaja majina kupeleka malalamiko kwa simu ya huduma za jiji. Baadhi yao waliviteremsha vibao vilivyokuwa vimetundikwa kwa miaka mingi, wakabaki na kuta tupu. Mwaka 2019 jiji lilipata Sheria Na. 28, ambayo ilisitisha kwa miaka miwili utoaji wa hati kwa vibao vya biashara, isipokuwa pale kibao kilipokuwa cha hatari. Muda huo ulikwisha mwaka 2021.

Tunamwomba msomaji aliangalie neno kusitisha katika habari hiyo. Sheria iliyositisha haikufuta masharti. Masharti yalibaki pale pale, ila utekelezaji wake ulingojeshwa. Mwenye duka aliyeambiwa kwamba sheria ya vibao "imefutwa" alitundika kibao kipya akiamini yu salama, na baada ya mwaka 2021 aliweza kuandikiwa hati kama kawaida.

Jina la hati yenyewe

Hati anayoandikiwa mwenye duka zamani ilijulikana kwa jina ambalo maana yake ni taarifa ya ukiukaji. Siku hizi jina linalotumika ni lile la hati ya kuitwa mbele ya baraza. Kubadilika kwa jina kumeliweka wazi jambo ambalo jina la kwanza lililificha: karatasi hiyo inafanya kazi mbili kwa pamoja. Inamwarifu mtu kwamba mkaguzi ameona ukiukaji, na inamwita afike siku fulani kujibu.

Katika Kiswahili maneno yanayogombea nafasi hii ni mengi: ilani, onyo, notisi, taarifa, hati ya wito, samansi. Ilani na onyo huelekea kumwambia mtu ajihadhari, hayamwiti. Notisi imekwisha zoeleka katika mambo ya pango na ya kazi, nayo pia haina wito ndani yake. Samansi ina wito, lakini msikilizaji wa kawaida huihusisha na mahakama na jinai. Tunapendekeza hati ya ukiukaji na wito, na pale ambapo nafasi ni ndogo, hati ya wito. Urefu wa jina hili una faida yake, kwa kuwa kila anayelisoma hukumbushwa kwamba anatakiwa kufika.

Neno ukiukaji nalo tumelichagua kwa makusudi badala ya kosa. Shauri la kibao si la jinai. Mwenye duka hashtakiwi kama mhalifu, na adhabu anayoweza kupewa na baraza ni ya fedha. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyeandikiwa hati tunapendekeza aitwe mlalamikiwa, na jina mshtakiwa liachiwe kesi za jinai. Kiasi atakachotozwa kiitwe adhabu ya fedha. Neno faini laweza kuvumiliwa katika mazungumzo, bali tozo na ushuru hayafai kabisa, kwa kuwa hayo ni malipo ya kupata ruhusa au huduma, na anayelipa ushuru hajavunja sheria yoyote.

Njia tatu za kuijibu hati

Mlalamikiwa akiisha kuipokea hati ana njia tatu, na kila njia yahitaji jina lisiloweza kuchanganywa na jingine.

Njia ya kwanza ni kukiri na kurekebisha. Baadhi ya hati za Idara ya Majengo huandikwa tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Mlalamikiwa akikirekebisha kibao chake, kwa kukiondoa au kukipatia kibali, na akapeleka hati ya kuthibitisha urekebishaji idarani, na idara ikaikubali kabla ya tarehe hiyo, halipi adhabu na halazimiki kufika barazani. Lakini kisheria huhesabiwa kwamba amekiri ukiukaji. Katika Kiingereza neno linalotumika kwa njia hii ni lile lile la kuponya ugonjwa, na tumeona wafasiri wakiandika "kuponya ukiukaji". Tafsiri hiyo ni ya maneno tu. Haimwambii msomaji afanye nini. Kurekebisha hueleza kazi yenyewe. Tahadhari moja: tusiseme "hati ya marekebisho", kwa maana marekebisho limekwisha shika nafasi yake katika kubadili vifungu vya sheria.

Njia ya pili ni kukiri na kulipa. Mlalamikiwa hulipa kiasi kilichoandikwa, na shauri lake mbele ya baraza huishia hapo. Hapa pana mtego ambao mkalimani mwema hana budi kuutaja: kulipa hakuliondoi jina la mtu katika kumbukumbu za Idara ya Majengo. Ukiukaji hubaki wazi mpaka hati ya kuthibitisha urekebishaji ipelekwe na kukubaliwa. Kwa hiyo maneno kama "kumaliza shauri kwa kulipa" yatumike kwa uangalifu. Fedha hulimaliza shauri barazani; kibao hubaki na shauri lake idarani.

Njia ya tatu ni kukana na kusikilizwa. Mlalamikiwa hufika siku iliyoandikwa, au husikilizwa kwa simu, na kwa baadhi ya aina za ukiukaji huweza kujieleza kwa maandishi. Katika njia hii tu ndimo rufani inamozaliwa baadaye. Aliyekiri, ama kwa kurekebisha ama kwa kulipa, hana uamuzi wa kuukatia rufani. Hili likielezwa mapema, mtu huchagua njia yake akijua anachokiacha.

Kusikilizwa kwa shauri

Chombo kinachosikiliza mashauri haya kilianzishwa mwaka 1979. Mwaka 2008 kilikabidhiwa bodi ya udhibiti wa mazingira iliyokuwa ikisikiliza mashauri ya namna hii, na mwaka 2016 mabaraza kadhaa ya jiji yaliunganishwa chini yake. Ni ofisi ya jiji, lakini imetengwa na idara zinazotoa hati, ili anayeshtaki asiwe ndiye anayeamua. Haifai kuiita mahakama, maana si sehemu ya mhimili wa mahakama. Neno lililo tayari katika Kiswahili ni baraza, nalo limezoeleka nchini Tanzania katika majina kama Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Anayesikiliza shauri tunapendekeza aitwe mwamuzi. Jina hili si geni, kwani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania inao waamuzi wake. Wako watakaosema kwamba mwamuzi ni wa mchezo wa mpira. Kwetu sisi hilo si kasoro, kwa kuwa mtazamaji wa mpira anaelewa vema kwamba mwamuzi hana timu. Jina hakimu tusilitumie. Litamfanya mlalamikiwa adhani amepelekwa mahakamani.

Mbele ya mwamuzi, jukumu la kuthibitisha ni la idara iliyotoa hati. Kipimo cha uthibitisho ni mizani ya uwezekano, yaani upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wa kweli. Kipimo cha "pasipo shaka" ni cha kesi za jinai, na mkalimani akikileta hapa humpa mlalamikiwa matumaini yasiyo na msingi.

Walimu wa fasihi ya sheria watapenda kuliona jambo jingine, nalo ni tofauti kati ya utetezi na ombi la kupunguziwa adhabu. Tuchukue mfano. Mwenye duka akionyesha kwamba kibao kilikuwa na kibali siku ile mkaguzi alipofika, huo ni utetezi. Akionyesha kwamba kibao si chake bali ni cha mpangaji wa duka la pili, au kwamba kilikuwapo kihalali kabla ya sharti kuwekwa, huo nao ni utetezi. Bali akisema, "Nimekwisha kukiondoa kibao baada ya kuandikiwa hati," hajajitetea. Amekubali kwamba siku ile ukiukaji ulikuwapo. Maneno hayo huenda yakampunguzia adhabu kwa baadhi ya aina za ukiukaji, lakini hayaiangushi hati. Katika Kiswahili cha kila siku yote mawili huitwa "kujitetea". Mfasiri asiridhike na neno hilo moja.

Vielelezo vinavyofaa katika shauri la kibao ni vile vinavyoonekana: picha zenye tarehe, nakala ya kibali, mkataba wa pango unaoonyesha nani mwenye jukumu la ukuta wa mbele, na vipimo vya kibao chenyewe. Vyote vipelekwe katika hatua hii. Tutaona punde kwa nini hatua nyingine haitavipokea.

Asiyefika

Mlalamikiwa asipofika wala kujibu, mwamuzi hutoa uamuzi bila kumsikiliza, na adhabu yaweza kupanda hadi kikomo cha sheria. Kwa ukiukaji wa daraja la tatu, ambalo ndilo hafifu, kikomo hicho ni dola 500. Kwa daraja la pili ni dola 10,000. Tofauti hii yatosha kuonyesha uzito wa neno "wito" katika jina la hati.

Uamuzi wa namna hii tunapendekeza uitwe uamuzi wa upande mmoja kwa kutofika. Mlalamikiwa bado hajafungiwa mlango, lakini mlango wake si rufani. Hukumu aliyopewa bila kusikilizwa haikatiwi rufani. Huombewa kutenguliwa ili shauri lisikilizwe upya. Ombi la kwanza likiletwa katika muda wa siku 75 tangu uamuzi kutumwa au kukabidhiwa, hukubaliwa. Likiletwa baada ya hapo, lakini kabla ya mwaka kwisha, mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya kuridhisha ya kutofika kwake.

Hapa ndipo tofauti ya maneno inapogusa mfuko wa mtu moja kwa moja. Aliyekosa kufika kwa sababu alikuwa hospitali akiambiwa "kata rufaa", atajaza fomu isiyo yake, itarudishwa, na siku zake 75 zitakuwa zimeanza kuyoyoma. Akiambiwa "omba uamuzi utenguliwe", atajaza fomu iliyo yake. Maneno mawili, fomu mbili, matokeo mawili.

Rufani

Sasa tumelifikia neno lenyewe. Rufani na rufaa ni ndugu. Mahakama ya juu ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, ni Mahakama ya Rufani, na wenzetu wa Kenya husema Mahakama ya Rufaa. Hatuoni haja ya kuzigombanisha sura hizi mbili. Kila mwandishi afuate mazoea ya nchi anayoiandikia, mradi asizichanganye katika maandishi mamoja. Lililo muhimu ni asili yake. Neno limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua. Anayekata rufani huliinua shauri kutoka chini kulipeleka juu, na haiwezekani kuinua kitu ambacho bado hakijawekwa chini. Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha makala haya.

Katika New York, rufani dhidi ya uamuzi wa mwamuzi huletwa katika muda wa siku 30 tangu uamuzi kutolewa, au siku 35 iwapo uamuzi ulitumwa kwa posta. Idara iliyotoa hati nayo ina haki ya kukata rufani ikishindwa. Mambo matatu hulitenga rufani na kusikilizwa kwa mara ya kwanza.

La kwanza, mkata rufani hutakiwa kulipa adhabu yote kabla, ama aombe kusamehewa kutanguliza malipo kwa sababu ya hali ngumu ya fedha. Akishinda hurudishiwa. Mfasiri aseme kutanguliza malipo, kwa maana akisema "kulipa" tu, mkata rufani aweza kuelewa kwamba amekwisha shindwa.

La pili, rufani haipokei ushahidi mpya. Husomwa mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yale yaliyosemwa na kuonyeshwa mbele ya mwamuzi. Picha iliyosahaulika nyumbani siku ile haitaangaliwa.

La tatu, swali la rufani si "Je, kibao hiki kilikuwa halali?" bali "Je, mwamuzi aliielewa sheria sawasawa, na je, ushahidi uliokuwa mbele yake unatosha kuubeba uamuzi wake?" Kwa hiyo sababu za rufani huandikwa dhidi ya uamuzi. Barua inayorudia tu kwamba mwenye duka ni mtu mwaminifu na biashara ni ngumu haijaugusa uamuzi mahali popote.

Matokeo ya rufani nayo yana vitenzi vyake: uamuzi huthibitishwa, hubatilishwa, au hubadilishwa kwa sehemu. "Kukubaliwa" na "kukataliwa" yatumike kwa maombi, na vitenzi hivi vitatu viachiwe maamuzi.

Mahakama baada ya baraza

Asiyeridhika hata baada ya rufani aweza kwenda mahakamani katika muda wa miezi 4, kwa utaratibu uliomo katika Ibara ya 78 ya sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai ya jimbo la New York. Shauri hilo si rufani ya pili. Ni mapitio ya mahakama, yaani mahakama huangalia iwapo chombo cha utawala kilitenda kwa mujibu wa sheria.

Jina la mahakama yenyewe limewapotosha wafasiri wengi. Likifasiriwa neno kwa neno litakuwa "Mahakama ya Juu Kabisa", ambapo kwa kweli katika jimbo hilo ni mahakama inayoanza kusikiliza mashauri, na mahakama ya juu kuliko zote ni ile ya rufani. Msomaji wa Kenya akiliona jina "Mahakama ya Juu" atadhani shauri la kibao limefika kileleni. Hapa tunapendekeza kufasiri kwa hadhi: Mahakama Kuu ya jimbo. Majina ya vyombo yapimwe kwa kazi vinayoifanya kabla ya kupimwa kwa herufi.

Haja yetu wenyewe

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtumishi wa halmashauri nchini Tanzania ajishughulishe na kibao cha Brooklyn. Jibu ni kwamba haja ni ile ile. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vinavyotoa haki. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani, lakini mambo ya utawala wa miji, kama vile sheria ndogo, vibali, ukaguzi na mabaraza, yaliandikwa kwa muda mrefu katika lugha nyingine. Sasa yanaandikwa upya. Karani anayetunga fomu leo ndiye anayeamua kama mwananchi atajua kwamba ameitwa, ameonywa au amekwisha kuhukumiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kila hati ya namna hii, iwe imetungwa au imefasiriwa, ijibu maswali manne kwa maneno yasiyo na utata: nimefanya nini kinachosemwa ni ukiukaji, natakiwa kufanya nini, kabla ya siku gani, na nisipofanya itakuwaje. Ili kurahisisha kazi hiyo tunatoa hapa chini orodha fupi ya istilahi tulizozieleza.

Kibao cha biashara: alama inayoitambulisha biashara iliyopo mahali pale pale.
Bango la matangazo: alama inayotangaza bidhaa au biashara iliyopo mahali pengine.
Hati ya ukiukaji na wito: karatasi inayomwarifu mtu ukiukaji ulioonwa na kumwita ajibu.
Mlalamikiwa: aliyeandikiwa hati hiyo.
Adhabu ya fedha: kiasi anachotozwa mtu kwa ukiukaji usio wa jinai.
Hati ya kuthibitisha urekebishaji: maandishi yanayoionyesha idara kwamba ukiukaji umeondolewa.
Mwamuzi: anayesikiliza na kuamua shauri barazani.
Utetezi: hoja inayoonyesha kwamba ukiukaji haukuwapo au si wa mlalamikiwa.
Ombi la kupunguziwa adhabu: hoja inayokubali ukiukaji na kueleza sababu za kuonewa huruma.
Uamuzi wa upande mmoja kwa kutofika: uamuzi uliotolewa bila mlalamikiwa kusikilizwa kwa kuwa hakufika.
Kutengua: kuuondoa uamuzi huo ili shauri lisikilizwe upya.
Mwenendo wa shauri: kumbukumbu za yote yaliyosemwa na kutolewa wakati wa kusikilizwa.
Rufani: kuliinua shauri lililokwisha amuliwa ili uamuzi wake upimwe na chombo cha juu.
Mapitio ya mahakama: mahakama kuangalia kama chombo cha utawala kimefuata sheria.

Istilahi hizi si amri. Wafasiri walio kazini ndio wataozipima, na walimu ndio watakaoona kama wanafunzi wanazielewa bila kuelezwa mara mbili. Lakini hata pale mtu atakapochagua neno jingine, tunamsihi ashike mpangilio huu: hati hujibiwa, uamuzi wa kutofika hutenguliwa, na uamuzi uliosikilizwa ndio unaokatiwa rufani. Mpangilio huo ukieleweka, mwenye duka aliyesimama mbele ya kibao chake na karatasi mkononi atajua pa kuanzia.